Kumbukumbu za historia ya kisiwa cha Lewis, Uskoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia dukani, lakini kila nikifungua kumbukumbu za kisiwa cha Lewis naona inafaa hata kwa ukoo, kijiji na lugha. Kisiwa chenyewe kina watu wapatao 20,000 tu, na bado ukitaja kijiji chake chochote, kuna mahali fulani pameandikwa nani aliishi nyumba ipi, alioa wapi, alizama bahari gani na watoto wake walihamia nchi gani.

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa historia, na pia Waswahili waliooa au kuolewa kwenye familia za huko ambao sasa wanataka watoto wao wajue nasaba ya pande zote mbili. Jambo moja nitalirudia mara nyingi, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Karatasi za serikali ziliandikwa kwa Kiingereza, na watu waliokuja kuhesabu, kudai kodi au kukagua. Wenyeji wao walijitambua kwa Kigaeli, lugha yao ya asili, na kwa mdomo. Ukishika upande mmoja ukaacha mwingine, utamfuata babu wa mtu mwingine hadi kaburini.

Lewis iko wapi hasa, na mbona mara nyingine inaandikwa "Lewis na Harris"?

Iko magharibi ya Uskoti, kwenye Bahari ya Atlantiki. Lewis ni sehemu ya kaskazini ya kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Uskoti, na Harris ni sehemu ya kusini ya kisiwa hichohicho. Hakuna maji katikati, ila wenyeji huzitaja kama visiwa viwili. Serikali nayo ilizitenga: hadi mwaka 1975 Lewis ilikuwa kwenye kaunti ya Ross and Cromarty, na Harris kwenye kaunti ya Inverness. Kwa mtafutaji hili si jambo dogo. Nimeona watu wakipekua rejista za Ross wiki nzima wakimtafuta mtu wa Harris.

Mji mkuu ni Stornoway. Parokia za Lewis ni nne: Barvas, Lochs, Stornoway na Uig. Yaandike majina hayo manne pembeni, utayahitaji kila hatua. Na ujihadhari, kuna Uig nyingine kwenye kisiwa cha Skye.

Hivi "comunn eachdraidh" ni kitu gani? Ninalikuta neno hili kila mahali.

Ni Kigaeli, maana yake chama cha historia. Mwaka 1977 watu wa Ness, ncha ya kaskazini kabisa ya Lewis, walianzisha chama chao, Comunn Eachdraidh Nis. Waliingia nyumba kwa nyumba kukusanya picha, kurekodi wazee, kuandika nasaba na kuorodhesha majina ya vilima, visima na miamba ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Wilaya nyingine zikafuata: Uig, Bernera, Lochs, Pairc, Carloway na kwingineko.

Chama cha Ness sasa kipo kwenye jengo la iliyokuwa shule ya kijiji cha Cross, kuna makumbusho na mahali pa kunywa chai. Usiidharau hiyo chai. Mezani ndipo mzee mmoja anapokuuliza mkeo ni wa akina nani, na kabla kikombe hakijapoa umeshapewa vizazi vitatu.

Kazi za vyama vingi zimekusanywa kwenye tovuti ya Hebridean Connections, ambako mtu ameunganishwa na nyumba yake, picha yake, chombo alichosafiria na hadithi inayomhusu. Kwa nyaraka rasmi za halmashauri kuna Tasglann nan Eilean, hifadhi ya nyaraka ya visiwa vyote vya magharibi, iliyoko Stornoway.

Nina jina la babu wa mke wangu, basi. Nianzie wapi?

Anza na walio hai. Piga simu kwa shangazi, kwa binamu, kwa yeyote aliyebaki. Ulizia kijiji, ulizia nyumbani kwao walikuwa wakiitwaje, ulizia walisali kanisa gani. Kijiji ndicho cha kwanza kuliko vyote, kwa sababu jina bila kijiji huko Lewis ni sawa na kuulizia Juma Hamisi sokoni Kariakoo.

Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka mtu unayemjua kwenda kwa baba yake, kutoka kwa baba kwenda kwa babu. Kuna watu huanzia juu, kwa mtu maarufu wa karne ya 17, halafu wanashuka wakitafuta njia ya kujiunganisha naye. Njia ile huwa haikosekani, na karibu kila mara si ya kweli.

Rejista za serikali zinaanza lini, na zina nini ndani?

Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo Uskoti ulianza tarehe 1 Januari 1855. Ulichelewa kuliko wa Uingereza, lakini unaeleza mengi zaidi. Rejista ya kizazi inakupa saa ya kuzaliwa, jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, na, isipokuwa kati ya 1856 na 1860, tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Mwaka wenyewe wa 1855 ni hazina: waliandika hadi umri wa wazazi, walikozaliwa, na watoto waliotangulia. Kazi ikawalemea makarani, wakapunguza mwaka uliofuata.

Mimi ninayoithamini zaidi ni rejista ya kifo. Inataja baba na mama wa marehemu. Chukua bibi aliyefariki mwaka 1860 akiwa na miaka 80: karatasi moja tu imekufikisha kwa watu waliozaliwa katikati ya karne ya 18, ambao huenda hawakuandikwa popote pengine.

Halafu shusha macho hadi kwa aliyetoa taarifa. Mara nyingi hakuna sahihi pale. Kuna alama ya msalaba iliyokwaruzwa na mkono usiozoea kalamu, na karani ameandika jina la mtu pande zote mbili za alama hiyo. Ni baba aliyetembea njia ya kinamasi kwenda kuandikisha mtoto aliyekufa, na hicho ndicho kitu pekee alichowahi kuandika kilichosalia. Ukikipata kwenye ukoo wako, kaa nacho kidogo kabla ya kufungua ukurasa mwingine.

Na kabla ya 1855?

Kuna vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za Kanisa la Uskoti. Kwa Lewis nje ya mji vilichelewa sana, kwa kiasi kikubwa ni vya karne ya 19, na vina mapengo.

Pengo kubwa lina sababu yake. Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti liligawanyika, ugomvi mkuu ukiwa ni nani mwenye haki ya kuchagua mchungaji, waumini au mwenye ardhi. Lewis karibu watu wote walihamia Kanisa Huru. Vitabu vya parokia vikabaki kwa kanisa ambalo watu wamelihama. Kwa hiyo ukikosa ubatizo wa mwaka 1847 usihitimishe kwamba mtoto hakubatizwa. Alibatizwa, ila kwingine. Msomaji wa Kenya anayeijua Thogoto, eneo la Kikuyu lililopata jina kutokana na Waskoti wa misheni iliyokuwa pale, ana picha ya awali ya Wapresbiteri hawa na jinsi walivyolichukulia kanisa kwa uzito.

Mbona kila mtu anaitwa Dòmhnall MacLeod? Nitamtambuaje wangu?

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, nami ningependa tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo Mswahili ana msaada ambao Mzungu wa London hana.

Majina ya ukoo ya Lewis ni machache: MacLeod, Macdonald, Morrison, Mackenzie, Maclean, Macaulay na mengine ya kuhesabika. Majina ya kwanza nayo yalirithiwa kwa utaratibu. Mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Kama babu wote wawili walikuwa Dòmhnall, wavulana wawili wa nyumba moja, wote hai, waliweza kuitwa Dòmhnall, mmoja mkubwa na mmoja mdogo.

Wenyeji hawakuchanganyikiwa, kwa sababu wao wenyewe hawakutumia jina la ukoo. Walitumia kile wanachokiita sloinneadh: jina lako, la baba, la babu. Iain Mhurchaidh Dhòmhnaill ni Iain wa Murchadh wa Dòmhnall. Si ndivyo tunavyosema Ali Juma Hamisi? Si ndivyo watu wa pwani walivyosema Ali bin Juma bin Hamisi? Hata hilo neno "mac" lenyewe maana yake ni mwana, sawasawa na bin. Ukiambiwa jina la mtu kwa Kigaeli, usiliandike kama jina moja; umepewa vizazi vitatu, tandaza kwenye shajara ya nasaba.

Juu ya hapo kuna far-ainm, jina la utani, na mara nyingi lilirithiwa na nyumba nzima. Mmoja ni ruadh kwa sababu babu alikuwa na nywele nyekundu, mwingine ni wa gobha kwa sababu ya mhunzi aliyekufa zamani, mwingine wa tàillear kwa ajili ya fundi cherehani. Kwenye rejista hutayaona haya. Utayapata kwa vyama vya historia na kwa wazee.

Jambo jingine ni jinsi makarani walivyoyageuza majina ya Kigaeli kuwa ya Kiingereza. Tormod ikawa Norman, ingawa majina hayo mawili hayana undugu wowote. Oighrig iliandikwa Effie leo na Euphemia kesho, na bibi ni yuleyule. Aonghas ni Angus, Murchadh ni Murdo. Na kwa wanawake utakutana na majina ambayo huenda hujawahi kuyaona: Murdina, Donaldina, Kennethina. Ni mabinti waliopewa majina ya baba, babu au wajomba, pengine wa ndugu aliyekufa baharini, na mwisho wa jina ukabadilishwa ili limkae msichana.

Tena mwanamke wa Uskoti kwenye nyaraka za kisheria na mawe ya makaburi hubaki na jina la ukoo la baba yake, hata baada ya kuolewa. Msomaji wa Lamu au Unguja atasema, kwani sisi je?

Sensa inasaidiaje?

Sensa zenye majina zinaanza 1841, kila baada ya miaka kumi, na hufungwa kwa miaka 100. Ya 1921 ya Uskoti ilifunguliwa mwaka 2022. Ya 1931 ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto, lakini ya Uskoti ilihifadhiwa peke yake ikasalimika, kwa hiyo kizazi kinachokuja kitaisoma.

Kuanzia 1881 waliuliza swali la Kigaeli. Fungua ukurasa wa kijiji cha Lewis wa mwaka 1891 na utazame safu ya lugha, upande wa kulia: G, G, G, inashuka kama mishono. Hao ni wanaojua Kigaeli peke yake. Ghafla unakuta "G & E", anajua zote mbili, ukisogeza jicho kushoto unakuta ni mwalimu, au mwanajeshi mstaafu, au msichana aliyewahi kufanya kazi bara. Safu moja nyembamba, na unaona lugha ya pili ikiingia kijijini kupitia mtu gani.

Sensa ina udhaifu wake. Ile ya 1921 ilifanyika tarehe 19 Juni, majira ambayo watu wengi wa Lewis walikuwa wamekwenda Shetland kwa msimu wa samaki wa heringi. Wasichana wa heringi, clann-nighean an sgadain, walifuata samaki kuanzia Lerwick hadi Yarmouth na Lowestoft mashariki mwa Uingereza, vidole vimefungwa vitambaa ili kisu na chumvi visiwamalize. Ukimkosa binti nyumbani kwao, mtafute bandarini.

Naona namba mbele ya jina la kijiji. Ni ya nini?

Ni namba ya krofti, yaani kishamba cha kupanga. Familia ilikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi ya kulima, nyumba, na haki ya kuchunga mifugo kwenye ardhi ya pamoja na kukata udongo wa kinamasi, ule mweusi unaokaushwa ukachomwa kama kuni. Namba ya krofti hukaa hata watu wakibadilika. Kwa hiyo ukijua namba, unaweza kuifuata ardhi badala ya kumfuata mtu: kwenye orodha za kodi, kwenye daftari za uthamini wa ardhi na nyumba za kila mwaka kuanzia 1855, na kwenye kazi za vyama vya historia ambazo zimepangwa hivyohivyo, krofti kwa krofti.

Nyaraka za akina Mackenzie wa Seaforth, waliomiliki kisiwa kabla ya 1844, ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh, fungu GD46. Mwaka 1844 kisiwa kilinunuliwa na James Matheson, aliyetajirika kwa biashara ya China, kasumba ikiwamo. Viazi vilioza kuanzia 1846, njaa ikaingia, na mwaka 1851 wapangaji wenye madeni wakaanza kuhamishwa kwenda Kanada. Shajara ya mwaka huo ya msimamizi wake, John Munro Mackenzie, imesalia. Anazunguka vijiji akiandika nani anadaiwa kiasi gani na nani afae kuondoka. Ni andiko la mtu wa ofisi, halina matusi wala hasira, na ndiyo maana linaumiza kusoma. Ukikuta familia yako mle, soma pia alichokisema mtoto wao au jirani yao miaka thelathini baadaye. Hilo ni swali linalofuata.

Kuna mahali wakulima wenyewe walisema?

Kuna. Mwaka 1883 serikali ilituma tume chini ya Lord Napier kusikiliza malalamiko ya wakulima wa Nyanda za Juu na visiwa. Vijiji vilichagua wasemaji wao. Wengi walisema kwa Kigaeli, mkalimani akageuza, karani akaandika. Maswali yamepewa namba na yanazidi 46,000, kwa hiyo ukitaja namba kila mtu anaweza kufungua palepale.

Shahidi wa kwanza kabisa, Angus Stewart wa Braes, kisiwani Skye, kabla hajasema lolote aliomba ahadi kwamba hatafukuzwa kwenye ardhi yake kwa atakayoyasema. Kumbuka ombi hilo unaposoma mashahidi wa Lewis. Mtu anapotaja nyumba zilizobomolewa kijijini kwao na majina ya walioondoka, anasema mbele ya watu wanaoweza kumwondoa yeye pia. Mwaka 1886 sheria ikapita iliyowapa wakulima usalama wa kukaa kwenye krofti zao. Kwangu mimi ushahidi huu ndio waraka mkubwa kuliko wote wa visiwa hivi, na ungekuwa mtupu kama vijiji havingekuwa na watu waliokwisha kubeba kichwani historia ya miaka sitini nyuma.

Madaftari ya shule yana faida gani kwa mtafuta ukoo?

Makubwa, ingawa majina ndani yake si mengi. Sheria ya elimu ya 1872 ililazimisha watoto kwenda shule, na mwalimu mkuu alitakiwa kuandika daftari la matukio ya shule. Nakuomba usome hata kurasa chache. Wiki hii madawati matupu, watoto wako kwenye kukata udongo wa kuchoma. Wiki nyingine wanachimba viazi. Kisha surua, kisha kifaduro, shule imefungwa. Kisha mkaguzi anakuja na kulalamika kwamba watoto hawajibu, na hapo ukumbuke kwamba aliwauliza kwa Kiingereza na wao walizaliwa katika Kigaeli, lugha ambayo sheria ile ya 1872 haikuitaja hata mara moja.

Wazee waliosoma shule hizo wamesimulia jinsi kila mtoto alivyobeba kipande cha udongo mkavu chini ya kwapa asubuhi, ndio moto wa darasa. Daftari linaandika tu kwamba darasa lilikuwa na baridi.

Madaftari yapo Tasglann nan Eilean. Ya karibuni yamefungwa kwa ajili ya faragha.

Babu yetu alikufa kwenye Iolaire. Ilikuwa nini?

Pole. Hii bado ni msiba huko, si historia ya mbali.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha. Zaidi ya wanaume 6,000 wa Lewis walikuwa wametumikia, kutoka kisiwa ambacho sensa ya 1911 ilihesabu watu 29,603. Jioni ya tarehe 31 Desemba 1918 meli Iolaire iliondoka Kyle of Lochalsh ikiwarudisha mabaharia nyumbani kwa Mwaka Mpya. Karibu saa nane usiku, taa za Stornoway zikionekana, iligonga miamba inayoitwa Biastan Thuilm, karibu na mlango wa bandari. Kati ya watu 280 hivi, 201 walikufa. Walionusurika ni 79, na karibu nusu yao waliokolewa na kamba ambayo John F. Macleod wa Ness aliogelea nayo hadi ufukweni.

Nyumbani moto ulikuwa umewashwa, nguo kavu zimetandazwa, chakula kinasubiri. Asubuhi yake mikokoteni ikaanza kurudi vijijini na majeneza.

Kwa mtafutaji, kuna orodha ya heshima ya waliotumikia vitani, iliyochapishwa Stornoway mwaka 1920, kijiji kwa kijiji; kuna gazeti la Stornoway Gazette, lililoanza 1917; kuna rekodi za jeshi la maji; na kuna minara ya kumbukumbu ya kila wilaya. Ila jiandae kwa ukimya. Walionusurika wengi hawakulisema jambo hili hata kwa watoto wao, na wajane vivyo hivyo. Yaliyokuja kusemwa yalisemwa miongo mingi baadaye, kwa Kigaeli, mbele ya mtu wa kijijini mwenye kinasa sauti waliyemjua tangu utoto. Karani wa serikali asingeyapata.

Waliohama nitawapata vipi?

Inategemea walihama lini. Vijana wengi waliajiriwa na Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya ngozi ya Kanada. Nyaraka zake ziko Winnipeg, na wafanyakazi wake wengi wana karatasi zinazotaja parokia walikotoka. Waliohamishwa kuanzia 1851 hawana orodha nzuri za abiria, kwa hiyo watafute walikofikia: kusini mashariki ya Quebec, ambako hadi leo kuna kijiji kiitwacho Stornoway, na kaunti ya Bruce, Ontario. Mawe ya makaburi ya kule hutaja Lewis.

Tarehe 21 Aprili 1923 meli Metagama ilichukua vijana wapatao 300 kutoka Stornoway kwenda Kanada kwa siku moja. Orodha za abiria za kipindi hicho zipo, zina umri, kazi na jina la ndugu aliyebaki.

Rekodi za sauti ziko wapi?

Tobar an Dualchais, maana yake kisima cha urithi. Ni tovuti ya bure yenye maelfu ya rekodi, nyingi zilizokusanywa na School of Scottish Studies ya Edinburgh, iliyoanzishwa 1951, pamoja na za BBC na za kisiwa cha Canna. Kuna nyimbo, hadithi, visa vya mizimu, maelezo ya jinsi ya kukama ng'ombe kwenye vibanda vya malishoni. Tafuta kwa jina la kijiji. Hata kama huelewi neno, mpigie mkeo aisikie lafudhi ya nyumbani kwa babu yake.

Lazima nijue Kigaeli?

Hapana, rejista na sensa zote ni kwa Kiingereza. Ila jifunze maneno ishirini: mac (mwana), nic (binti), mòr (kubwa), beag (ndogo), ruadh (nyekundu), bàn (nyeupe), taigh (nyumba), baile (kijiji) na wenzao. Majina ya vijiji vingi, kwa mfano yanayoishia na -bost kama Leurbost na Shawbost, si Kigaeli hata kidogo, ni ya Wanordiki waliotangulia karne nyingi kabla.

St Kilda nayo imo humu?

Ni kisiwa kingine, mbali baharini, na kiutawala kilikuwa chini ya Harris. Watu wake 36 wa mwisho walihamishwa kwa ombi lao wenyewe tarehe 29 Agosti 1930. Wanaoulizia St Kilda ni wengi kuliko wanaoulizia vijiji vilivyo hai, jambo linalonisikitisha kidogo, kwa kuwa walio hai bado wanaweza kujibu.

Gharama ni kiasi gani, na kuna vilivyofungwa?

ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya serikali, inakuruhusu kutafuta bure ukijiandikisha, lakini kuona picha za kurasa nyingi unalipia. Mtandaoni vizazi vimefungwa kwa miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Hebridean Connections, Tobar an Dualchais na ramani za zamani za Maktaba ya Taifa ya Uskoti ni bure. Vyama vya vijiji vinaendeshwa na watu wa kujitolea; ukipata msaada, lipa uanachama au nunua jarida lao.

Usiweke hadharani habari za walio hai, hata kama umezipata kwa njia halali. Visiwa vidogo, kila mtu anamjua kila mtu.

Tumekuta picha na barua za zamani kwenye kabati. Tufanye nini?

Kwanza msizitenganishe na msizibandike kwa gundi wala selotepu. Andikeni nyuma ya kila picha, pembeni, kwa penseli laini: nani, wapi, takribani mwaka gani, na nani kawaambia. Kalamu ya wino huvuja hadi mbele. Kisha zipigeni skani na kutuma nakala kwa chama cha wilaya husika. Za asili mnaweza kubaki nazo. Barua za Kigaeli tumeni hata kama hakuna anayezielewa nyumbani, wao watazisoma.

Kama kuna sura msiyoijua, wekeni alama ya kuuliza juu ya kichwa chake kwenye nakala na mtume hivyohivyo. Picha itazungushwa mezani, mmoja atavaa miwani, atatazama zile nyusi na kile kidevu, na atataja nyumba.